Tangi Lililojaa Maji Bado Si Tangi Tayari

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo

Siku hizi katika skimu zetu, mkulima ambaye udongo wake haushiki maji hachimbi tena bwawa la udongo. Hujenga tangi la saruji, au huchimba shimo na kulitandika plastiki nzito. Kisha hulijaza maji ya mfereji au ya kisima, na kesho yake hutia vifaranga vya samaki. Maji yanang'aa, samaki wanacheza, majirani wanakuja kutazama. Baada ya siku kumi hivi samaki huanza kukataa chakula, na kabla ya mwezi kwisha wengi wao wanaelea juu ya maji, matumbo yakitazama mbinguni.

Hapo maneno huanza. Mmoja husema jirani ametia sumu. Wa pili humlaumu mtu aliyemwuzia vifaranga. Wa tatu husema ardhi hii ilikuwa ya ng'ombe na pareto, haitaki samaki. Barua za namna hii huja katika ofisi za kilimo, na sisi makarani ndio tunaozifungua na kuziandika daftarini. Zinafanana kama watoto wa mama mmoja: tangi jipya, maji safi, samaki wengi, chakula kingi, majuma mawili au matatu, kisha msiba.

Maoni yangu ni haya, ndugu wakulima. Mara nyingi katika mambo hayo hakuna mchawi wala adui. Samaki wameuawa na uchafu wao wenyewe, kwa kuwa waliingizwa katika nyumba ambayo haijapata wafagizi. Nasema pia ya kwamba kosa si la mkulima peke yake. Ni kosa la desturi yetu sote, maofisa, vyama vya ushirika na wauzaji, ya kuliita tangi "tayari" mara linapojaa maji. Tangi lililojaa maji ni tangi lililojaa maji tu. Utayari ni jambo jingine.

Kitu kinachowaua

Samaki hula, na akila hutoa uchafu. Sehemu kubwa ya uchafu huo ni amonia, na wala haitoki kwa haja kubwa. Hutoka katika matamvua, yaani yale mapafu mekundu yaliyo chini ya mashavu yake. Chakula kilichobaki bila kuliwa huoza na kuwa amonia vilevile. Amonia ndiyo ile inayochoma pua unapoingia katika banda la kuku lisilosafishwa. Kuku ana mlango na upepo. Samaki hana pa kukimbilia, anapumua ndani ya choo chake.

Amonia ndani ya maji ina sura mbili. Moja si kali sana, nyingine ni sumu kali. Kinachoamua ni ipi itazidi ni kipimo kile kiitwacho pH, ambacho hueleza kama maji ni machachu au yana ukali wa chokaa, pamoja na joto la maji. Maji yakiwa na joto la digrii 25 na pH ya 7, katika kila sehemu 1,000 za amonia ni kama sehemu 6 tu zilizo sumu kali. pH ikipanda hadi 8, sehemu zile huwa 50 na zaidi kidogo. Ikifika 9, huwa zaidi ya 350. Amonia ni ile ile, samaki ni wale wale, lakini ukali wake umeongezeka karibu mara sitini.

Mwenye tangi la saruji na alishike neno hilo vizuri. Saruji mpya hutoa chokaa ndani ya maji na kupandisha pH sana. Basi mtu anayetia samaki katika tangi la saruji lililojengwa juzi amewawekea mambo mawili mabaya kwa pamoja: amonia isiyo na mtu wa kuiondoa, na maji yanayoifanya amonia hiyo iwe kali. Tangi la saruji lijazwe maji, likae siku kadhaa, limwagwe, lijazwe tena. Na hivyo mara tatu nne, mpaka kipimo kionyeshe ya kwamba pH imeshuka chini ya 8 na nusu.

Wafagizi wa maji

Ni nani basi anayeiondoa amonia? Mkulima anawajua wafagizi hao, ijapokuwa hajawaona. Ukitia samadi au mbolea ya yurea shambani, haibaki samadi. Bakteria walio katika udongo huigeuza hatua kwa hatua mpaka iwe nitrati, na mahindi huinywa kwa mizizi. Mwanachuoni mmoja wa Urusi, Sergei Winogradsky, ndiye aliyewatenga bakteria hao na kueleza kazi yao karibu na mwaka 1890. Bakteria wa jamaa hiyo ndio wanaofanya kazi ndani ya tangi la samaki.

Kazi yao ina zamu mbili. Wa kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti. Wa pili hugeuza nitriti kuwa nitrati. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini ya kwamba hakuna bakteria mmoja awezaye kufanya zamu zote mbili, mpaka mwaka 2015 ilipotangazwa ya kwamba wako, na baadhi yao walipatikana katika chujio la maji ya kufugia samaki. Lakini kwetu sisi jambo ni lile lile: pasipo bakteria hawa, amonia haiendi popote.

Nitriti nayo ni mbaya. Huingia katika damu ya samaki na kuifanya isiweze kubeba hewa, hata damu ikageuka rangi ya kahawia kama chai nzito. Samaki huvuta pumzi kwa nguvu katika maji yenye hewa ya kutosha, na bado hukosa hewa. Nitrati haina madhara makubwa kwa samaki ila ikizidi sana, tena ni mbolea nzuri kwa mboga.

Bakteria hawa hawaelei majini kama vumbi. Wengi hujishika juu ya vitu: kuta za tangi, kokoto, mabomba. Wanataka hewa, wanataka amonia ya kula, na wanataka muda, kwa maana huongezeka polepole sana kuliko bakteria wanaoozesha maziwa. Katika bwawa la udongo tayari wamo katika matope, na yale majani madogo yanayofanya maji kuwa ya kijani huila amonia pia. Ndiyo sababu bwawa la udongo lililotiwa chokaa na samadi, likaachwa majuma mawili mpaka maji yawe kijani, halileti msiba huu mara nyingi. Lakini plastiki mpya haina kitu. Saruji mpya haina kitu. Sheria ni ile ile hata katika sanduku la kioo lenye samaki wa mapambo katika hoteli za mjini: sanduku jipya lililooshwa likang'aa ndilo la hatari, nalo lile la zamani lenye utelezi katika kokoto zake ndilo salama.

Katika maji yenye joto la digrii 25 au zaidi, wafagizi huchukua majuma manne hata sita kuenea. Kwanza amonia hupanda, kwa juma la kwanza na la pili. Kisha inaposhuka, nitriti hupanda. Mtu huona amonia imekwisha, akashangilia, akaongeza chakula, kumbe hatari ya pili ndiyo inaingia mlangoni. Katika sehemu za baridi kama Kinangop na Ol Kalou, ambako maji hayapati joto hilo, muda huo huweza kuwa mara mbili. Ndugu zetu wa Mwea na Muhoroni wana bahati ya joto, lakini hata wao hawawezi kuruka majuma yale.

Hesabu ya tangi moja

Natoa hesabu hii ili mtu asiseme ni maneno ya ofisini tu. Tuchukue tangi la lita 10,000. Mkulima ametia samaki 500 aina ya tilapia, ambao wengi wetu tunawaita ngege, kila mmoja gramu 20. Jumla ni kilo 10. Kwa kawaida samaki wa umri huo hupewa chakula cha sehemu 5 katika kila 100 za uzito wao kwa siku, yaani gramu 500.

Chakula kizuri kina protini sehemu 30 katika 100, na protini ndiyo yenye naitrojeni. Gramu 100 za chakula hicho zina naitrojeni gramu 4.8. Samaki hujengea mwili kiasi cha theluthi yake. Karibu gramu 3 hurudi majini. Basi gramu 500 za chakula huleta gramu 15 kila siku. Gawanya kwa lita 10,000, utapata miligramu moja na nusu katika kila lita kwa siku. Siku ya nne ni miligramu 6. Ikiwa pH ni 8, sehemu iliyo kali imekwisha fika theluthi ya miligramu, na samaki wamepoteza hamu ya kula. Ikiwa pH ni 9, kwa ajili ya saruji mpya, sehemu iliyo kali imepita miligramu 2, nao ngege, ambaye ni samaki mgumu, huanza kufa.

Mtu atasema, basi nitabadilisha maji. Vema. Lakini kwa samaki 500 wanaolishwa hivyo, hata ukimwaga tangi zima kila siku, amonia itapanda tena mpaka miligramu moja na nusu kabla ya kesho. Tangi zima ni mitungi 500 ya lita 20. Nani ataibeba? Sote twajua anayebeba maji katika boma zetu. Ni mama wa nyumbani na watoto kabla ya kwenda shule. Kwa hiyo haraka ya siku moja ya baba hulipwa kwa migongo ya wengine, na mwisho samaki wafe vilevile.

Njia bora ni kulisha tangi kabla ya kulisha samaki

Mwenye tangi tupu leo anayo nafasi nzuri kuliko wote. Ajaze maji. Kama ni maji ya bomba yaliyotiwa klorini, yakae wazi siku mbili yakivurugwa, kwa kuwa klorini inaua wafagizi na samaki pia. Kisha atie chakula cha samaki gramu 100 kila siku ya pili, kioze humo bila samaki ye yote. Hicho ndicho chakula cha bakteria. Atie hewa kwa kuyaangusha maji kutoka juu kupitia kopo lililotobolewa matundu, au kwa pampu ndogo ya hewa kama anayo.

Akipata mbegu ya bakteria, kazi inakwenda upesi. Mbegu hiyo haihitaji kununuliwa katika chupa. Baadhi ya chupa zinazouzwa zinasaidia, nyingine ni maji yenye rangi, na mkulima hana njia ya kuzitofautisha kwa macho. Afadhali aende kwa jirani mwenye tangi la zamani ambalo samaki wake ni wazima kabisa, aombe kokoto za ndani ya tangi hilo kiasi cha karai moja, azibebe zikiwa mbichi, na azitie katika kapu au mfuko wa wavu pale maji yanapoanguka. Zisikauke njiani wala zisioshwe kwa maji ya klorini. Lakini tangi lenye samaki wagonjwa lisiombwe kitu, maana ugonjwa husafiri kwa njia hiyo hiyo.

Siku amonia na nitriti zinapopimwa na kuonekana si kitu, hali chakula bado kinatiwa, na nitrati imeanza kupanda, siku hiyo ndiyo tangi liitwe tayari. Hata hapo samaki waingie robo kwanza, na wengine baada ya juma moja au mawili, ili wafagizi waongezeke pamoja na kazi.

Ikiwa samaki wamekwisha kuingia

Najua ya kwamba wengi watakaosoma ukurasa huu wamekwisha kutia samaki. Hao si wa kuchekwa. Samaki wanaweza kuokolewa, lakini kwa subira na mkono mfupi.

Kwanza, punguza samaki. Kama jirani ana bwawa la udongo lililo zima, mpe robo tatu awatunze mpaka tangi likomae, mkaandikiana ili pasiwe na ugomvi baadaye. Katika lile tangi letu watabaki 125.

Pili, punguza chakula. Samaki anaweza kukaa siku kadhaa bila kula na asidhurike. Ni sisi tunaoona huruma. Hao 125 uwape gramu 50 tu kwa siku moja, siku ya pili wasile. Hesabu yake ni nusu ya miligramu ya amonia kwa juma zima, badala ya moja na nusu kwa kila siku. Ukiona wamekataa, acha kabisa siku mbili na utoe mabaki.

Tatu, badilisha theluthi ya maji kwa juma. Ni kama mitungi 167, si 500 kwa siku, na anayepata maji ya mfereji hatabeba hata mmoja. Maji yanayotolewa yaende kwenye sukuma wiki na vitunguu, wala hayapotei. Maji mapya yasiwe ya baridi sana kuliko ya zamani. Kipimo kikionyesha amonia imezidi miligramu 2, au samaki wakilemewa, badilisha nusu siku hiyo hiyo.

Nne, weka chumvi. Chumvi ya kawaida humkinga samaki na nitriti, kwa sababu klorini iliyomo ndani ya chumvi, ambayo si ile ya bombani inayoua, huzuia nitriti isiingie katika matamvua. Gramu 100 kwa kila lita 1,000 zinatosha, yaani kilo moja kwa tangi la lita 10,000. Iyeyushe kwanza katika ndoo. Usitie kila siku. Chumvi haipandi hewani kama mvuke. Unapobadilisha maji, rudisha tu kiasi cha chumvi kilichotoka. Kiasi hicho hakiharibu mboga.

Tano, usisugue tangi. Hapa ndipo wengi huharibu kazi yote. Maji yakianza kuwa na ukungu na kuta kuteleza, mtu mwenye bidii hutoa maji yote, husugua kwa sabuni au dawa ya kufulia, na kujaza upya. Amewafukuza wafagizi waliokuwa wamefika, naye amerudi siku ya kwanza. Utelezi ule si uvivu wa mwenye nyumba. Huo ndio mtaji wake.

Sita, usitie chokaa wala majivu wakati amonia iko juu. Yanapandisha pH, na umeona inavyofanya. Baadaye, tangi likisha komaa, bakteria wenyewe hula ule ukali wa chokaa na kufanya maji kuwa machachu. Wakati huo chokaa kidogo ya shambani ina faida, kwa shauri la Bwana Samaki.

Saba, amka mapema. Hewa ndani ya maji ni haba sana alfajiri. Samaki wanaovuta hewa juu ya maji saa kumi na moja asubuhi wanaomba msaada. Angusha maji kwa kopo lile. Wenye kambare wasijidanganye. Kambare huvuta hewa ya juu na anaweza kuishi katika maji yasiyo na hewa, lakini amonia humchoma kama wengine.

Majibu kwa wanaopinga

Wako wanaosema, "Vifaranga vinaletwa na lori siku moja kwa skimu nzima. Nikikataa siku hiyo, sitapata tena mpaka mwaka ujao." Neno hili ni la kweli, nami sitalifunika. Lakini linaonyesha ya kwamba kalenda ya lori ndiyo mbaya, si kwamba maji yameiva. Hakuna ofisa wa kilimo anayegawa mbegu za mahindi mwezi wa kiangazi kwa sababu lori limepatikana. Mbegu hungoja mvua. Vifaranga vingoje maji.

Wengine husema, "Maji safi ndiyo mazuri, yale ya kijani na utelezi ni uchafu." Maji ya kunywa mtu, ndiyo. Kwa samaki, maji yanayong'aa katika tangi jipya ni kama shamba lililochomwa moto: jeupe, safi, na halina uhai.

Wengine husema, "Mtu fulani alitia samaki siku ya kwanza na hawakufa." Huenda aliweka samaki wachache katika maji mengi, au maji yake yalitoka mtoni yakiwa na bakteria, au pH yake ilikuwa ndogo. Mtu anaweza kuvuka barabara amefumba macho asigongwe. Hatuwafundishi watoto hivyo.

Tukumbuke pia yaliyopita. Mwaka 2009 Serikali ilianza mpango mkubwa wa mabwawa ya samaki: mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi kati ya majimbo 140, kila bwawa mita za mraba 300 na vifaranga 1,000. Ulikuwa mpango wa nia njema, na watu wengi walijifunza kufuga samaki kwa ajili yake. Lakini mengi katika mabwawa hayo baadaye yaliachwa. Sababu zilikuwa nyingi, chakula ghali, maji haba, soko la mbali, wala sisemi ya kwamba jambo la leo ndilo lililoyaua. Nasema hivi: tumekwisha ona ya kwamba kuhesabu mashimo yaliyochimbwa na vifaranga vilivyotolewa si sawa na kuhesabu samaki waliofika sokoni. Mwenye tangi la plastiki amelinunua kwa mkopo. Samaki wakifa mwezi wa kwanza, mkopo haufi pamoja nao.

Jambo ninaloomba

Ninaomba mambo manne, na yote ni madogo.

La kwanza, neno "tayari" katika fomu zetu za ukaguzi lipewe maana mpya. Tangi lisiandikwe tayari kwa kuwa limejaa, bali kwa kuwa maji yake yamepimwa.

La pili, kila chama cha ushirika kinunue kifaa kimoja cha kupima amonia, nitriti na pH, kikae ofisini kwa chama kwa wanachama wote. Mtu mmoja hawezi kukinunua kwa urahisi. Watu hamsini hawataona gharama yake. Kijana aliyemaliza shule anaweza kufundishwa kukitumia kwa asubuhi moja, na matokeo yaandikwe katika daftari lenye tarehe.

La tatu, vifaranga vigawiwe kwa mikupuo miwili au mitatu, robo kwanza na vingine baadaye. Lori litasafiri zaidi, lakini halitakuwa limebeba mizoga ya kesho.

La nne, kila skimu ichague tangi moja zima la zamani liwe mama wa matangi mengine, ambalo mtu anaweza kwenda kuomba karai la kokoto. Hilo halina gharama ila kuelewana.

Mkulima wa skimu anajua kungoja. Amengoja hati ya shamba, amengoja mtamba azae ndipo apate maziwa, amengoja pareto ichanue. Hakuna aliyekamua mtamba siku ya kumnunua. Majuma sita ya kulisha tangi lisilo na samaki si majuma ya kupoteza. Ni kulima kabla ya kupanda. Na yule ambaye samaki wake wamo majini leo, na apunguze chakula jioni hii kabla ya kufanya jambo lingine lo lote. Hilo halihitaji fedha, wala ruhusa ya ofisi.